Mwezi wa Ukutani na Mwezi wa Angani

Mtu akiniuliza siku hizi, "Mwalimu, likizo hii twende bahari gani?", humrudishia swali: "Mnaenda mwezi gani?" Wengi hudhani nataka kujua kama ni Aprili au Agosti. Hilo nalo nataka kulijua. Lakini kuna mwezi mwingine ninaouulizia, ule unaochomoza usiku nyuma ya vilima vya Nandi na kumulika ziwa letu, na huo sisi watu wa bara hatujazoea kuutia kwenye hesabu za safari. Kiswahili kimeipa miezi hiyo miwili jina moja. Nimefundisha Kiswahili darasani miaka kumi na moja kabla sijaona kwamba jina hilo moja lina kazi yake.

Ninaandika kutoka Kisumu, kando ya Ziwa Victoria. Chama chetu kina wanawake wanane: mama anayeuza omena, dagaa wa ziwa letu, kwenye ufuo wa Dunga, msusi wa Kondele, dada mwenye kibanda cha M-Pesa, muuguzi, mafundi cherehani wawili, mama wa Kinubi kutoka Kibos anayepika keki za harusi, na mimi mwalimu. Tunachanga shilingi mia tano kila wiki. Kwa miaka mingi pesa hizo zilikwenda kwenye karo, mabati na masufuria. Mwaka 2023 tukakubaliana kwamba safari moja tutaifanya ya kwetu wenyewe, bila mume wala mtoto, na iwe nje ya nchi, penye jua na mchanga. Kuna aliyetaja Diani, pwani ya Kenya. Mama wa omena akakataa. "Diani ni kwetu, itatungoja," alisema. "Mimi nataka pasipoti yangu igongwe muhuri kabla sijazeeka."

Nikapewa kazi ya kutafuta mahali. Niliifanya vibaya, na pesa haikuwa yangu peke yangu. Ilikuwa ya mtu anayeamka saa tisa za usiku kupokea mitumbwi, na ya mtu anayesimama tangu asubuhi hadi jioni akisuka vichwa vya watu. Ndiyo maana jambo hili limenikaa moyoni, na ndiyo maana ninaliandika kwa urefu.

Nilianza na siku. Shule hufungwa Aprili, hufungwa Agosti, kisha hufungwa tena mwisho wa mwaka. Aprili ndiyo mwanzo wa ile miezi minne ambayo uvuvi wa omena hufungwa upande wa Kenya ili samaki wazaane, kwa hiyo mama wa Dunga angekuwa na nafasi tele. Nikatazama bei. Hoteli za Unguja zilikuwa zimeshusha bei karibu nusu. Nikatazama picha. Zilikuwa za Jambiani, pwani ya mashariki: maji ya buluu yanayong'aa mpaka macho yanauma, mchanga mweupe kama unga wa muhogo, ngalawa moja imetulia. Siku zikafaa, bei ikafaa, picha ikanivuta. Nikatuma malipo ya kwanza.

Watu wa pwani husema usisafirie nyota ya mwenzio. Mimi nilisafiria picha ya mtu nisiyemjua, aliyoipiga mwezi nisioujua, saa nisiyoijua.

Tuliondoka Kisumu usiku wa tarehe 20 Aprili 2024. Basi hadi Nairobi, Nairobi hadi Mombasa, Mombasa hadi Lunga Lunga, tukavuka Horohoro, tukapita Tanga, tukalala Dar es Salaam, asubuhi tukapanda boti. Anayekumbuka mvua za mwaka ule hana haja ya kusimuliwa. Tangu Voi hatukuona jua. Na hapa kuna kosa ambalo naamini watu wengi wa magharibi mwa Kenya hulifanya. Sisi tuna mvua yetu, na kila tukisikia neno mvua tunaifikiria hiyo. Mvua ya Kisumu huja alasiri: mawingu hukusanyika ziwani, hupiga kwa kishindo saa moja au mbili, kisha barabara zinakauka na watu wanarudi kwenye vibanda vyao. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba Aprili ni masika, nikasema moyoni, si kitu, tutaogelea asubuhi. Masika ya pwani hayafuati ratiba hiyo. Yanaweza kuanza usiku wa manane na kukuta kesho yake mchana yakinyesha vilevile, taratibu, bila hasira, kama mtu aliyekuja kukaa. Siku mbili za kwanza Jambiani tulizimaliza barazani, tumejifunga leso, tukitazama maji yakichuruzika kwenye makuti. Bwawa la hoteli lilikuwa limekaushwa kwa matengenezo, kwa kuwa ndio msimu wa matengenezo, na jiko lilikuwa na mpishi mmoja tu. Nikaelewa nusu ya bei ilikokwenda.

Siku ya tatu kukapambazuka kweupe. Jua likatoka. Tukanywa chai haraka, tukavaa nguo za kuogelea chini ya madera, na yapata saa nne tukashuka ufuoni, au ufukweni kama wanavyosema kule. Bahari haikuwepo.

Sisemi ilikuwa imepungua. Haikuwepo. Pale palipokuwa na maji ya buluu kwenye picha palikuwa na uwanda wa mchanga wenye mikunjo, madimbwi, majani ya bahari yamelala upande mmoja, na ngalawa zimeegemea ubavu kama ng'ombe waliochoka. Mbali sana, kilomita nzima au zaidi, mstari mweupe wa mawimbi ulikuwa unapiga mwambani. Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Victoria hana mahali pa kuliweka jambo hilo akilini. Ziwa letu halipwi wala halijai. Acha kiatu Dunga hatua tatu kutoka majini asubuhi, na jioni utakikuta hatua tatu kutoka majini. Likitaka kuhama huchukua miezi, kama mwaka 2020 lilipopanda likaingia kwenye nyumba za watu. Hili la bahari kuondoka kati ya staftahi na chakula cha mchana lilitushinda.

Tukatembea kuifuata. Katikati ya uwanda tukakuta wanawake wamechuchumaa kwenye maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu, kila mmoja na safu zake za vijiti vilivyopigiliwa mchangani, na kati ya kijiti na kijiti kamba, na kwenye kamba, kila baada ya shibiri moja, kishada cha mwani. Nikamwendea aliyekuwa karibu, mama mtu mzima, kanga moja kichwani na nyingine kiunoni.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mwatoka wapi?"

"Kenya. Kisumu, kwenye ziwa." Nikamwuliza maji yamekwenda wapi.

Hakuacha kufunga. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa chumvi, vyeupe kwenye ncha, na kila fundo lilimchukua muda wa kupepesa macho. "Hayakwenda pahala. Bamvua hili. Mwezi mpevu, maji hupwa mpaka kule mwambani. Ikifika saa kumi yatakuwa yamejaa mpaka kwenye minazi." Kisha akanitazama, akaona sijaelewa, akaongeza kwa upole: "Mngengoja wiki moja. Maji mafu, asubuhi kama hii mngekuta bahari mlangoni."

Mmoja wa mafundi cherehani wetu alikuwa amekwisha kuchuchumaa kando yake na kushika kamba. Fundo la kwanza likafunguka, la pili likashika. Wakafanya kazi pamoja kama nusu saa, bila maneno mengi. Kilimo hicho cha mwani kilianza pwani ile ya mashariki mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na wakulima wengi ni wanawake. Mwani unakaushwa, unasafirishwa ng'ambo, unatolewa ute unaoshikisha vitu kama dawa ya meno. Na kazi yake kubwa hufanywa siku za bamvua, maji yakiwa yamepwa, kwa sababu ndipo shamba linapofunguka. Saa ileile iliyotunyima bahari ilikuwa inampa yeye kazi. Hilo lilinituliza kuliko chochote alichoniambia mtu yeyote safari ile.

Niliporudi Kisumu nilisoma jambo hili kama mtu anayejiandaa kwa mtihani, na nitalieleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Mwezi huvuta maji ya bahari, na jua huvuta pia, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi. Mwezi ukiwa mchanga, au ukiwa mpevu, jua na mwezi huwa kwenye mstari mmoja na dunia, nguvu zao zinaungana, maji yanapanda sana na kushuka sana. Hilo ndilo bamvua, na huja mara mbili kila mwezi. Mwezi ukiwa nusu, nguvu zinapishana, maji hayapandi sana wala hayashuki sana: hayo ndiyo maji mafu. Kila siku maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa kwa dakika hamsini hivi. Siku za bamvua katika Unguja tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Ufuo ukiwa na mteremko mkali, mita nne ni ngazi chache za mchanga. Ufuo ukiwa bapa kama Jambiani na Paje, mita nne ni matembezi ya kufika mbali.

Kuna jambo moja zaidi ambalo ningetaka kila anayelipia hoteli pwani yetu alijue kabla hajalipa. Kwenye pwani hii, siku za bamvua, maji hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Siku za maji mafu ni kinyume: asubuhi ya saa nne maji yamejaa, jioni yamepungua. Hizi saa hazikosei kwa mengi. Kwa hiyo mtu mwenye kalenda inayoonyesha sura za mwezi anaweza kukaa Kondele, miezi sita kabla, akajua kama asubuhi ya tarehe fulani atakuta maji au atakuta mchanga. Hakuna aliyetuambia. Picha za hoteli hupigwa maji yakiwa yamejaa, zote, na sijaona hoteli inayoandika saa chini ya picha.

Safari yenyewe iliisha kwa namna ambayo mpaka leo sipendi kuikumbuka. Tuliondoka Unguja tarehe 26. Tarehe 28 mchana tulipita Mai Mahiu kwa basi, mvua ikinyesha, madirisha yamefunga ukungu. Usiku ule ule, kuamkia tarehe 29, maji yaliporomoka Old Kijabe, jirani na hapo, yakaua makumi ya watu. Wiki haijaisha, kimbunga Hidaya kikatua kisiwa cha Mafia, tarehe 4 Mei, jambo lisilo la kawaida karibu hivyo na ikweta. Mama wa omena alinipigia simu asubuhi ya habari za Mai Mahiu. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwalimu, safari nyingine tuulize mbingu kwanza."

Basi nikauliza mbingu, na jibu la kwanza ni upepo. Pwani ya Waswahili imejengwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, nao ndio uliokuwa ukileta majahazi ya Arabuni na India. Kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, nao ndio uliokuwa ukiyarudisha makwao. Kati ya pepo hizo kuna kipindi cha kugeuka, tanga mbili, na mvua kubwa zinaangukia humo: masika kati ya Machi na Mei, na vuli, nyepesi zaidi, kuelekea mwisho wa mwaka. Januari na Februari ni joto, bahari imetulia, maji maangavu. Juni hadi Agosti ni kipupwe: kukavu, jua lipo, lakini ngozi inapoa na upepo haulali.

Maneno haya yote nimeyafundisha. Masika, vuli, kipupwe, kiangazi: mwanafunzi anayakariri, anapata alama, anasahau. Sikuwahi kuwaambia kwamba ni ramani ya mtu anayetaka kuogelea.

Sasa likizo zetu ziweke juu ya ramani hiyo. Aprili ni katikati ya masika, na ndipo bei zinaposhuka na wenye watoto wanapopata nafasi, kwa hiyo ni mtego unaorudi kila mwaka. Desemba mapema vuli inaweza kuwa haijamaliza, na ikifika Krismasi bei inapaa. Februari ingekuwa chaguo langu la kwanza kama nisingekuwa na darasa. Agosti ndiyo imebaki, nami leo naiona kuwa ndiyo likizo bora ya bahari kwa mwalimu au mzazi wa Kenya anayeelekea Unguja au Pemba, mradi ajue upepo unatoka wapi. Kusi hupiga pwani ya mashariki kifua wazi. Paje mwezi huo imejaa vijana wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na matiara makubwa, na kwao hakuna mahali pazuri zaidi. Anayetaka kukaa majini hadi shingoni na kuzungumza na mwenzake aende upande uliokingwa, kaskazini-magharibi, Kendwa na Nungwi. Huko pia mteremko ni mkali zaidi, na hata siku ya bamvua maji hubaki ya kutosha kuogelea.

Mama wa Kibos alituongezea mwezi mwingine tena. "Mnahesabu mwezi wa ukutani na wa angani," alisema, "mnausahau mwandamo." Ramadhani husogea nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, na mwaka 2026 inaanza katikati ya Februari, palepale ninapopasifia. Unguja mchana wa Ramadhani migahawa mingi mjini hufunga, na mgeni anatarajiwa asile wala asinywe mbele za watu. Jioni, kinyume chake, mji mzima unanukia. Yeye angependa kwenda mwezi huo hasa, kwa ajili ya futari na sala. Msusi wetu asingependa. Wote wawili wana haki, ila wasipangiwe safari moja bila kuulizwa.

Tangu nianze kusema haya, watu huniletea nchi zao. Dada wa M-Pesa alitaka Dubai mwezi wa Agosti, kwa kuwa ana binamu huko. Dubai mwezi huo joto hupita nyuzi arobaini na bahari yenyewe ina uvuguvugu wa chai iliyosahaulika. Aende kati ya Novemba na Machi, watu wa huko wanapotoka nje. Morisi ni nzuri, imezungukwa na matumbawe na maji yake hupanda na kushuka kidogo sana, lakini ipo kusini vya kutosha kupata yale majira ya joto na baridi tuliyoyasoma vitabuni: kati ya Mei na Oktoba ni baridi yao, kavu na ya kupendeza, na kati ya Januari na Machi ndio wakati wa vimbunga. Kimbunga Belal kilifurikisha mitaa ya Port Louis Januari 2024. Ushelisheli, kwa kuwa ipo karibu na ikweta, vimbunga huipitia mbali. Mvua zake nyingi ni Desemba na Januari, na bahari hutulia zaidi pepo zinapogeuka, Aprili na Oktoba. Kwa hiyo Aprili hiyohiyo inayoharibu Unguja inaweza kumfaa mtu anayekwenda Ushelisheli, kama mfuko unaruhusu. Na Tailandi ni nchi moja yenye bahari mbili: Phuket upande wa magharibi ni kavu kuanzia Novemba, wakati kisiwa cha Koh Samui upande wa pili kinanyeshewa. Anayekuambia "nenda Tailandi Novemba" hajakuambia kitu bado.

Kuna pia ng'ambo iliyo karibu kuliko zote, na ninaitaja kwa sababu wengi hapa Kisumu hawaifikirii. Visiwa vya Ssese, Uganda, vipo kwenye ziwa letu hilihili, vina mchanga mweupe, na Uganda mtu wa Kenya huingia kwa kitambulisho. Pitia Busia hadi Entebbe, panda feri. Lakini hayo ni maji ya ziwa, na kichocho hakijui mpaka. Konokono wanaoueneza ugonjwa huo hupenda kando penye magugu na maji yaliyotulia, kwa hiyo muuguzi wetu huwaambia wanaokwenda: tazama mchanga, kula samaki, usikae majini.

Huyo muuguzi ndiye pia aliyetuokoa na jambo jingine. Tanzania humtaka anayetoka Kenya awe na cheti cha homa ya manjano, na cheti hicho huanza kutambuliwa siku kumi baada ya sindano. Wawili wetu walikuwa wamepanga kuchomwa wiki ya safari. Tangu Julai 2016 sindano moja inatosha maisha yote, kwa hiyo hakuna sababu ya kungoja.

Kikao cha kuchagua safari ya pili kilikuwa kwangu, Januari 2025, Jumapili baada ya kanisa. Niliweka mezani kalenda, si picha. Agosti, tukakubaliana. Hapo nikawaomba tuchague siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ili asubuhi tukute maji. Mama wa omena akawa ametulia, ananyonya mfupa wa samaki, kisha akasema hawezi.

Sikuelewa. Akanieleza kama yule bi mkubwa wa Jambiani alivyonieleza, na kwa upole uleule. Omena huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, samaki hufuata mwanga, nyavu zinawazunguka. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi: ziwa zima lina mwanga, samaki hawaji mahali pamoja, na mitumbwi hulala ufuoni siku kadhaa. Agosti uvuvi umefunguliwa tena baada ya miezi minne bila kipato. Siku pekee anazoweza kuondoka bila kupoteza ni zile za mbalamwezi.

Yaani miaka yote hii alikuwa na kalenda ya mwezi kichwani, nami nilikuwa nimeitafuta kwenye simu. Mwezi uleule uliokuwa unamfungia kazi Dunga ndio uliokuwa unamfungulia kazi yule mkulima wa mwani. Chumba kikawa kimya kidogo. Sote tuliona jambo hilo kwa pamoja, nadhani.

Tukachagua wiki ya mwezi mpevu, tarehe 9 Agosti 2025, na kwa kuwa hilo lilimaanisha bamvua, tukaacha kabisa pwani ya mashariki na kuchagua Kendwa. Bei ilikuwa juu, kwa kuwa ndio msimu, na wiki ile Uwanja wa Amaan, hapohapo Unguja, ulikuwa na mechi za CHAN, mashindano ya soka ya mataifa ya Afrika. Tulilipa zaidi ya ile safari ya kwanza, ambayo siku mbili zake zilikwenda kwa kutazama makuti. Tuliruka kutoka Nairobi kwenda, tukarudi kwa boti na basi.

Saa nne asubuhi ya siku ya kwanza nilitoka peke yangu kutazama. Maji yalikuwa yameshuka, mchanga ulikuwa umepanuka, mawe mawili matatu yenye ukoga wa kijani yalikuwa wazi. Lakini bahari ilikuwepo, hatua kama arobaini, safi, imetulia. Kusi ilikuwa inavuma juu ya minazi nyuma yangu, ikipita vichwani bila kugusa maji. Nikarudi kuwaita. Msusi aliingia majini akiwa ameshikilia mkono wangu kwa nguvu hadi kucha zikaniachia alama, na baada ya dakika kumi alikuwa ameuacha.

Kendwa inatazama magharibi, kwa hiyo jua linazama baharini, kama letu linavyozama ziwani. Jioni ile maji yalikuwa yamejaa mpaka chini ya ngazi za hoteli, saa kumi na kidogo, kama yule mama wa Jambiani alivyosema kwenye pwani yake. Tulikula pweza na wali wa nazi mchangani. Kisha mwezi ukachomoza nyuma ya minazi, mkubwa, wa rangi ya embe, na maji yote yakawa meupe.

Mama wa omena aliutazama kwa muda mrefu. Akatoa simu kwenye mfuko wa dera, akampigia kijana wake nyumbani, akaweka sauti juu ili tusikie.

"Huko vipi?"

"Kweupe, mama. Hakuna aliyetoka. Mitumbwi yote iko juu."

"Haya," alisema, na akaizima simu, akanyoosha miguu mpaka maji yakafika kwenye nyayo zake.